MASWALI KATIKA BUNGE: JINSI WAWAKILISHI WAWAULIZAVYO MAWAZIRI

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza jambo ambalo wengi wamelisikia kwa jina tu, lakini si wengi walijuao jinsi lifanyikavyo. Jambo hilo ni maswali: jinsi wabunge waliochaguliwa na watu wawaulizavyo Mawaziri habari za barabara, maji, shule na hospitali, na jinsi Mawaziri walivyo na wajibu wa kuwajibu.

Tusianze Dodoma, liliko Bunge. Tuanze Haydom, katika nchi ya Mbulu, maana swali lolote lenye maana huanzia mahali watu waishipo.

Mtu akitoka Karatu kwenda Haydom hupanda kwanza nyanda za juu za Mbulu, kisha hushuka kuelekea kusini na magharibi, akipita mashamba ya mahindi na mtama na malisho ya ng'ombe. Huko wakaa Wairaki, na Wadatoga pamoja na mifugo yao, na upande wa bonde la Yaeda wako Wahadza. Na huko Haydom ipo hospitali kubwa ya Kilutheri, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955. Wagonjwa huiendea kutoka Mbulu na Hanang, na hata kutoka mkoa wa jirani wa Singida.

Basi fikirini habari ya mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa usiku wa masika. Hospitali ipo, na waganga wapo. Lakini kati yake na hospitali iko barabara ya udongo, na udongo ukilowa huwa tope, na gari likizama halitoki mpaka watu wakusanyike kulisukuma. Hapo mtu huona ya kuwa barabara si jambo la wenye magari peke yao. Barabara ni dawa, ni soko la mahindi, na ni njia ya mwalimu kufikia shule yake. Ndipo mwenye kijiji huuliza, “Barabara hii itatengenezwa lini, na ni nani wa kuulizwa?”

Swali hilo ni la haki kabisa. Lakini wanakijiji wote hawawezi kufunga safari kwenda kwa Waziri, na kama wangekwenda, vijiji vya nchi nzima navyo vingekwenda, na Waziri asingepata nafasi ya kufanya kazi. Kwa hiyo watu huchagua mmoja wa kuwaulizia. Huyo ndiye mbunge.

ASILI YA DESTURI HII

Desturi ya kuwauliza Mawaziri mbele ya baraza ni ya zamani. Huko Uingereza, swali la kwanza lijulikanalo kuwa limeandikwa katika kumbukumbu liliulizwa mwaka 1721, katika Baraza la Malordi. Wakati ule kampuni moja kubwa, iliyoitwa South Sea, ilikuwa imeanguka, na watu wengi walikuwa wamepoteza mali zao. Mtunza fedha wa kampuni hiyo, jina lake Robert Knight, alikuwa amekimbilia ng'ambo. Lord Cowper akasimama akaiuliza Serikali kama ni kweli kwamba mtu huyo amekamatwa huko Brussels, na Serikali ikajibu. Angalieni, basi, ya kuwa tangu mwanzo swali lilihusu mali ya watu, na ya kuwa aliyeuliza hakutaka hotuba. Alitaka kujua kama jambo fulani ni kweli au si kweli.

Katika nchi yetu, Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926, katika siku za Gavana Donald Cameron. Wajumbe wake walikuwa maofisa wa Serikali na watu wengine walioteuliwa na Gavana, wala hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Waafrika wa kwanza kuingia katika Baraza hilo waliingia mwaka 1945, nao walikuwa wawili, Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Machame. Maana yake ni kwamba kwa miaka 19 mkulima wa Mbulu alilipa kodi, lakini hakuwa na mtu wa damu yake katika Baraza hilo wa kusimama na kuuliza, “Kodi ile imetumiwaje?” Twalitaja jambo hili ili vijana wafahamu ya kuwa haki ya kuuliza haikuwako tangu zamani. Ilitafutwa, na ilichelewa kufika.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 Baraza likawa Bunge, na leo haki hiyo imeandikwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Ibara ya 63 yasema ya kuwa Bunge ndicho chombo kikuu cha kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na tena ya kuwa Bunge laweza kumwuliza Waziri ye yote swali lo lote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 100 nayo yalinda uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge, ili mbunge asishitakiwe mahakamani kwa neno alilolisema humo.

Tena Katiba yataka Mawaziri wote wawe wabunge. Kwa hiyo Waziri hukaa katika ukumbi ule ule pamoja na wale wamwulizao. Si nchi zote zilizo hivyo. Jirani zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, walitenga Mawaziri na Bunge. Waziri wao hawezi kuwa mbunge pia. Kwa sababu hiyo iliwapasa kutafuta njia nyingine za kuwahoji, kama vile kuwaita mbele ya kamati za Bunge. Sisi kwetu Waziri yupo papo hapo, na akiulizwa husimama.

JINSI SWALI LIULIZWAVYO

Sasa tueleze kazi yenyewe hatua kwa hatua.

Kwanza, mbunge huandika swali lake, akalipeleka kwa Katibu wa Bunge mapema, kabla ya siku ya kuulizwa. Haliulizwi kwa ghafula. Sababu yake ni kwamba Wizara yahitaji muda wa kutafuta habari. Kama swali ni la barabara ya Haydom, karani wa Wizara hana budi kuuliza kwa mhandisi wa mkoa, huko Babati, na huyo naye afungue majalada yake.

Pili, swali hutazamwa kama lafuata kanuni. Swali halipasi kuwa hotuba, wala matusi, wala dhihaka. Halipasi kumwuliza Waziri jambo lisilo katika kazi yake, wala kuingilia shauri lililoko mahakamani. Swali likikubaliwa, hupewa namba na kutiwa katika orodha ya shughuli za siku.

Tatu, siku yenyewe inapofika, Bunge hukutana saa tatu ya asubuhi, na baada ya dua na taratibu za mwanzo, kipindi cha maswali huanza. Spika humwita mbunge kwa jina. Mbunge husimama na kuomba swali lake lijibiwe. Kisha Waziri, au mara nyingi Naibu wake, husimama na kusoma jibu lililotayarishwa.

Nne, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lote, mbunge aliyeuliza ana nafasi ya kuuliza maswali ya nyongeza, kwa desturi mawili. Maswali haya hayakupelekwa mapema. Waziri hayajui. Baada yake wabunge wengine nao waweza kupewa nafasi na Spika kuuliza nyongeza zao. Jibu la kwanza limeandikwa na makarani, lakini majibu ya nyongeza hutoka kinywani mwa Waziri mwenyewe, na hapo hujulikana kama anaijua kazi yake au hapana.

Tano, maneno yote huandikwa katika Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, iitwayo pia Hansard, kwa jina la jamaa wa wapiga chapa wa London waliochapisha taarifa za namna hiyo zamani. Waziri akisema leo kwamba kazi itaanza mwaka fulani, na mwaka huo ukapita, mbunge aweza kufungua taarifa ile na kumsomea maneno yake mwenyewe.

Mbali na maswali hayo, yako pia maswali ya papo kwa papo ambayo Waziri Mkuu huulizwa siku ya Alhamisi, katika muda wa nusu saa. Hayo huhusu siasa na mipango ya Serikali kwa jumla, wala hayaandikwi kwanza.

SWALI ZURI NA SWALI BAYA

Wanafunzi, sikilizeni sana hapa. Tuseme mbunge wa upande wa Mbulu ataka kuuliza habari ya barabara. Akisema, “Kwa nini Serikali haiwapendi watu wa Haydom?” Waziri atajibu, “Serikali yawapenda watu wote,” na mambo yamekwisha. Swali limekufa bila kuzaa kitu.

Akisema, “Barabara ya Haydom itajengwa lini?” swali hili ni bora kuliko la kwanza. Lakini Waziri aweza kujibu, “Itajengwa fedha zitakapopatikana.” Jibu hilo si uongo, lakini halina mwisho.

Lakini akisema, “Je, usanifu wa barabara hii umekwisha? Katika bajeti ya mwaka huu kumetengwa fedha kiasi gani? Na fedha zilizotengwa mwaka jana zilitolewa kiasi gani?” hapo Waziri hana budi kutaja jambo lililofanyika na hesabu yake. Hesabu yaweza kupimwa. Ahadi tupu haipimiki.

Tena yafaa kuyafahamu maneno ambayo Mawaziri huyatumia sana. “Upembuzi yakinifu” ni uchunguzi wa kujua kama kazi inafaa kufanywa na itakuwa na faida gani. “Usanifu wa kina” ni kuchora na kupima barabara yenyewe, madaraja yake na gharama zake. Baada ya hayo hutangazwa zabuni, kisha hutafutwa mkandarasi, kisha mkataba hutiwa sahihi, ndipo mitambo huja. Mtu asiyejua hatua hizi husikia “usanifu umekamilika” akashangilia kana kwamba lami imekwisha kumwagwa. Ajuaye hatua hizo huuliza mara moja, “Zabuni itatangazwa lini?”

HABARI YA BARABARA YA HAYDOM

Sasa twaja kwenye jambo lililofanya jina la Haydom litajwe nchi nzima. Barabara itokayo Karatu, ikapita Mbulu na Haydom, ikavuka mto Sibiti na kwenda Lalago hata Maswa, ni barabara ya kuunganisha upande wa kaskazini na nchi ya Wasukuma. Watu wa Mbulu walitamani sana itiwe lami. Bwana Flatei Massay, aliyekuwa mbunge wa Mbulu Vijijini wakati ule, alikuwa akiisemea mara kwa mara.

Mwezi wa Mei 2022 Bunge lilikuwa likijadili bajeti ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, na Waziri alikuwa Profesa Makame Mbarawa. Bwana Massay alipopata nafasi ya kusema, alieleza uchungu wa watu wake juu ya barabara ile. Kisha akatoka mahali pake, akapiga sarakasi mle ukumbini mbele ya wabunge wenzake. Wengine walicheka, wengine walishangaa. Picha zake zikaenea nchi nzima na nje.

Watu waligawanyika. Wako waliosema ya kuwa Bunge ni mahali pa heshima, wala si uwanja wa michezo. Wako waliosema ya kuwa mtu aliyeuliza kwa maneno miaka mingi asipate, asilaumiwe akisema kwa mwili. Sisi hatutaki kuwa waamuzi wa shauri hilo. Twataka mwone jambo moja tu: sarakasi ile haikuwa mchezo wa kuchekesha watu. Nyuma yake kulikuwa na masika, na tope, na wagonjwa njiani.

Tena fahamuni ya kuwa jambo hilo lilitokea katika mjadala wa bajeti, si katika kipindi cha maswali. Bajeti ni mlango mwingine wa kumhoji Waziri, na kwa namna fulani ni mlango wenye nguvu zaidi, kwa sababu hapo Waziri anaomba fedha. Mjadala ukiisha, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia mafungu ya fedha. Wafikapo kwenye fungu la mshahara wa Waziri, mbunge aweza kutaka maelezo, na asiporidhika husema kwamba “anashika shilingi.” Maana yake, anatoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika fedha hizo. Shilingi moja haimfanyi mtu maskini. Lakini ni alama ya kwamba Bunge halijaridhika, na wabunge wengine wakimwunga mkono jambo hilo hujadiliwa, na Waziri hubanwa mpaka aeleze vema. Mara nyingi mbunge hupewa ahadi iliyo wazi zaidi, naye huirudisha shilingi.

Mwezi wa Juni 2023, yaani mwaka mmoja na kidogo baada ya sarakasi ile, Serikali ilitia sahihi mikataba ya kujenga barabara saba kubwa katika nchi, na barabara ya Karatu, Mbulu, Haydom, Sibiti, Lalago na Maswa ilikuwa mojawapo. Hatusemi ya kuwa sarakasi ndiyo iliyoleta mkataba, maana mambo ya fedha za Serikali yana sababu nyingi. Wala mkataba si barabara. Karatasi haipitiki na gari. Lakini tangu siku ile swali limebadilika. Zamani watu waliuliza, “Mtatujengea?” Baada ya mkataba huuliza, “Mlitia sahihi; mmefika wapi?” Swali la pili ni gumu zaidi kulikwepa.

LABDA MTU ATASEMA

Labda mtu atasema, “Maswali haya ni maneno matupu. Swali halijengi daraja.” Ni kweli, swali halibebi mawe. Lakini Serikali ina kazi nyingi na fedha chache, na jambo lisilotajwa husahauliwa upesi. Waswahili husema, mtoto asiyelia hapewi ziwa.

Labda mwingine atasema, “Mbunge wa chama chenye Serikali hawezi kumwuliza Waziri wa chama chake kwa ukali.” Twajibu ya kuwa Bwana Massay alikuwa mbunge wa chama kile kile cha Waziri, yaani CCM, wala jambo hilo halikumzuia. Tope halibagui vyama.

Mwingine naye atasema, “Sisi huku kijijini twajuaje lililosemwa?” Hili ni neno zito. Jibu lisilosikiwa na wenye haja nalo limepoteza nusu ya nguvu zake. Mwaka 2016 Shirika la Utangazaji la Taifa lilipoacha kutangaza vikao vya Bunge moja kwa moja, Serikali ikitoa sababu ya gharama, kulitokea ubishi mkubwa bungeni na nje yake, kwa kuwa watu walitaka kuwasikia wawakilishi wao kwa masikio yao. Kwa hiyo tusione kazi kuisikiliza redio, kusoma gazeti, au kumwomba mwanafunzi aliyekwenda mjini atutafutie taarifa rasmi ya siku ile.

KAZI YA MWANAKIJIJI

Mwisho, twataka kusema juu ya kazi yetu sisi tusio wabunge. Mbunge hawezi kuuliza asilolijua. Yafaa basi wanakijiji wafanye mambo matatu.

La kwanza, wajue jambo lao liko mikononi mwa nani. Barabara kuu na za mikoa hutunzwa na TANROADS, chini ya Wizara ya Ujenzi. Barabara za vijijini na za mijini ni kazi ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, nayo iko chini ya ofisi ishughulikayo na Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, yaani TAMISEMI. Maji ya vijijini ni kazi ya RUWASA, chini ya Wizara ya Maji. Swali likipelekwa kwa Waziri asiyehusika hurudi mikono mitupu.

La pili, waanzie karibu. Jambo lisemwe kwanza katika mkutano wa kijiji na kuandikwa katika kumbukumbu zake, kisha diwani alipeleke katika halmashauri ya wilaya. Mengi humalizika huko. Yale yasiyomalizika ndiyo ya kumpa mbunge, naye ataweza kusema, “Jambo hili limepita njia zote.”

La tatu, wampe mbunge habari za kweli zilizo kamili: daraja gani limevunjika, tangu mwezi gani, watoto wangapi hawafiki shuleni, gari la wagonjwa lilikwama mara ngapi. Wasiongeze chumvi. Waziri akigundua jambo moja la uongo, hata yale ya kweli hayatasadikiwa.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuwaeleza. Mkisikia tena katika redio Waziri akisema, “Mheshimiwa Spika, naomba kujibu swali,” msizime redio mkidhani ni mambo ya wakubwa. Kaeni msikilize, na mwe na karatasi na kalamu. Andikeni tarehe, andikeni ahadi, na masika yajayo yakifika tazameni barabara yenu. Kama ahadi haikutimizwa, mwalikwisha kuwa na swali la nyongeza.

Kwaherini, mpaka mazungumzo mengine.